Mpapai Pumzika

Jumatatu, 29 Machi 1993

Leo nimeitwa Raskazone! Mimi Mwatima, ambaye tangu kikundi chetu cha taarabu cha Johari kivunjike sijapanda jukwaa. Miaka sita naimba harusini na jikoni tu.

Aliyeniita ni kijana wa Dar, Robert, wa kampuni ya matangazo. Wamepanga nyumba kubwa ya zamani upande wa bahari. Chumba kimoja wamekibandika magodoro ukutani ili sauti isitoroke. Kile kiwanda cha sabuni kilicholala miaka yote kimepata mwenyewe mpya, na sabuni yake mpya inaitwa Asumini. Wanataka wimbo wa kuitangaza. Robert anauita "jingo". Nikamuuliza, jingo ndiyo nini mwanangu? Akasema ni wimbo mfupi, mama, mtu akishausikia haumtoki. Nikamjibu hata zetu haziwatoki watu, ila si fupi.

Na ufupi wenyewe — nusu dakika! Sekunde thelathini! Mimi nusu dakika hata koo sijasafisha. Wimbo wa Johari ulikwenda robo saa. Watu wanainuka, wanatunza, wanarudi kukaa, wanainuka tena.

Nimekubali palepale. Sikuomba hata siku ya kufikiri. Kurekodi ni Jumamosi tarehe 17, kisha radioni, nchi nzima isikie.

Nilipomwambia Kombo alicheka mpaka akashika ubavu. "Nusu dakika? Hiyo si ya kuimba weye, hiyo ya kupiga chafya." Mpemba huyu! Miaka ishirini na miwili ya ndoa bado hajachoka kunichokoza. Lakini nimemwona, kafurahi. Kavaa kofia mpya kwenda barazani kuwasimulia wenziwe.

Alhamisi, 1 Aprili

Nimefunga. Zile funga sita za Mfunguo Mosi baada ya Idi, leo ya tatu. Baada ya adhuhuri nikakaa na wimbo.

Nilianza kwa beti, kama nilivyozoea. Salamu, kisha sifa, kisha fumbo kidogo. Kombo kashika saa yake. Nilipomaliza akasema dakika moja na nusu, na jina la sabuni bado hujalitaja. Astaghfirullah! Kweli sikulitaja.

Nikaanza upya, jina mbele. Asumini! Asumini! Nikajisikia kama muuza samaki anayepita na baiskeli. Nikaacha.

Haidhuru. Mimi wimbo siukimbizi. Nikishaukalia, huja wenyewe na miguu yake.

Ijumaa, 2 Aprili

Umekuja!

Asubuhi nilifua kanzu ya Kombo ya Ijumaa. Nikatumia kipande cha Asumini alichonipa Robert, maana nikisifu sabuni nisiyoijua huo ni uongo, na mimi nimefunga. Povu zuri. Harufu ya asumini si nyingi kama jina lake, lakini uchafu wa kola umetoka. Naweza kuisifu bila dhambi.

Sasa nasugua, nasugua, mikono ikaanza yenyewe. Mbili fupi, moja ndefu, kimya, halafu tatu. Mbili fupi, moja ndefu, kimya, halafu tatu. Mabega yakaingia. Kiuno kikaingia. Nikasimama na kanzu inachuruzika maji miguuni — hili si pigo la singo?

Ndilo. Pigo tunalomsugulia mwali, siku anayosingwa kwa liwa, ule unga wa msandali, kabla ya kutolewa kwa mumewe. Mlango umefungwa, hapana mwanamume hata wa kunyonya. Upatu, ile sahani ya shaba, unalia, mikono inasugua, na kila mwanamke aliyepita chumba kile huitikia maneno matatu. Lazima aitikie. Hayo maneno siyaandiki, hata humu kwenye daftari langu.

Mimi nilifundwa na Bi Nasima, somo wangu, yuko Pongwe. Upatu nilio nao alinipa yeye. Mwenye chumba ni yeye mpaka leo. Somo akiugeuza upatu kifudifudi, wimbo umefungwa, hapana wa kuupiga mpaka aje aufunue mwenyewe.

Nimefikiri sana, mpaka adhana ya alasiri. Nikaona hivi: maneno sitayagusa. Pigo ni pigo tu, hata kutwanga kuna pigo, hata moyo unapiga. Nachukua mwendo peke yake. Na kumwendea Bi Nasima kuomba ruhusa kwa ajili ya sabuni — nimeona haifiki huko.

Sabuni ni kitu cha mikono, mimi nilikuwa naitafutia maneno! Bismillahi.

Jumapili, 4 Aprili

Beatrisi kapita akitoka kanisani. Kwao leo ni Jumapili ya Matawi, kashika kuti mkononi kama upanga. Ni jirani yangu tangu tuhamie Chumbageni, Mbondei, anaimba kwaya, na sauti yake ya pili hapana wa kumfikia mji huu. Nimekwisha mwambia Robert, bila Beatrisi sirekodi.

Nikamwambia, shoga, unapendeza na jani lako. Akasema jani hili la heri, siyo yale ya mwaka ule. Tukatazamana. Tukaangua kicheko sote wawili!

Mwaka wa themanini na tatu. Maduka yana rafu na vumbi. Unapanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, ukifika mbele unaambiwa imekwisha. Tulifulia majani ya mpapai. Unayafikicha yanatoa povu kidogo, rangi ya mbuzi mgonjwa. Mpapai wa uani kwangu ulibaki uchi, kama kijiti. Mwaka huohuo aliolewa Rahila, mke wa Uweso mpiga kodiani wetu. Liwa hakuna, sabuni hakuna. Bi Nasima akasema mwali hatoki na jasho lake, leteni mpapai. Tukamsinga kwa mpapai, na akang'aa! Leo ana watoto sita.

Beatrisi akasema, maskini mpapai, mti ule ulitutumikia, haukupata hata asante.

Basi ndiyo hiyo. Maneno yakashuka kama mvua ya masika, sikuyatafuta:

Mpapai pumzika,
Asumini imefika,
majani sasa kivuli,
nguo zetu zinacheka.

Tukaimba pale uani, Beatrisi na kuti lake, mimi napiga sufuria. Kombo kachungulia mlangoni na saa yake. Kakunja uso, kahesabu. "Thelathini na tano," kasema. Halafu kaongeza: "Lakini rudieni."

Jumanne, 6 Aprili

Kwa Uweso. Kodiani yake imekula vumbi, vitufe viwili havilii, lakini vidole vyake havijasahau. Nimempigia pigo kwa upatu wangu ili alishike. Kalishika mara moja, yeye mwanamume hajui ametia mkono wapi.

Sasa sikiliza kichekesho. Mara ya tatu tunapiga, kutoka jikoni — Rahila akaitikia! Sauti juu, maneno yote matatu! Halafu mwiko ukaanguka.

Uweso kaacha kodiani. "We mwanamke, unamwitika nani?"

"Namfukuza paka!"

"Paka gani anafukuzwa kwa kuimbiwa?"

"Paka wa kwenu!"

Alipokuja ukumbini alinitazama mimi, hakumtazama mumewe. Mimi nikatazama dari, nikaona buibui na utando wake.

Nimecheka njia nzima. Ni Rahila tu. Lile pigo linamkumbusha mpapai wake.

Jumamosi, 10 Aprili

Mazoezi Raskazone. Mimi, Beatrisi aliyeponyoka kwenye maandalizi ya Pasaka, Uweso, na upatu. Fundi wa mitambo, nyuma ya kioo, ni mtu mzima mwenzetu, Safari, ana masikio ya mpira kichwani na kalamu sikioni juu yake. Sijui inakaaje.

Tukaimba. Robert kakuna kidevu. Kisha akauliza, mama, mpapai unaingiaje hapa? Kwani hii sabuni ya mapapai?

Beatrisi kaweka mikono kiunoni. "Baba, mwaka themanini na tatu ulikuwa wapi?"

"Masomoni. Bulgaria."

"Basi ulikuwa na sabuni."

Safari kacheka mpaka yale masikio yakamwanguka shingoni. Akasema, bosi, mimi shati langu la harusi limefuliwa kwa mpapai. Usiuguse huo wimbo. Mtu yeyote mwenye miaka zaidi ya ishirini ukimwimbia hivyo lazima acheke, na akicheka kanunua.

Robert kaandika. Kijana ana adabu, nampenda. Hajui kitu, lakini anajua kuandika asichokijua.

Saa yake ilisema sekunde thelathini na moja. Moja imezidi! Uweso akasema tukimbie kidogo. Nikakataa, anayesugua hakimbii. Nimetoa pumzi yangu moja kati ya mstari wa pili na wa tatu. Sikuwahi kuimba bila pumzi hiyo maishani. Sekunde ishirini na tisa! Moja tumebakiza.

Robert katurekodi kwenye kaseti ndogo, akasema anakwenda kuusikiliza vizuri. Nimerudi nyumbani nikiwa na miaka ishirini. Kombo kaniuliza mbona unatembea hivyo. Natembeaje? "Kama mwenye barabara."

Jumanne, 13 Aprili

Ya leo sijui nianze wapi. Nianze na matembele, ndiyo niliyokuwa nayo mkononi.

Niko sokoni Ngamiani, asubuhi, naulizia matembele. Nasikia kodiani. Nikasema, huyu anapiga kama Uweso. Halafu nikasikia sauti yangu! Ikitoka angani! Pikapu nyeupe inakuja polepole, spika mbili juu yake kubwa kama karai, imebandikwa picha ya sabuni. Robert hakuniambia. Kaichukua ile kaseti akaijaribu kwa watu.

Nilisimama kama mwizi. Upatu ukalia. Mbili fupi, moja ndefu, kimya, tatu —

Wakaitikia.

Muuza vitumbua kaitikia, kijiko hewani. Wauza samaki wawili. Mama mwenye mtoto mgongoni. Ajuza anayeuza ukwaju chini, kaitikia bila kuinua macho, kama mtu anayejibu salamu. Labda wanawake kumi na tano, labda ishirini, mchana kweupe, mbele ya waume! Maneno yote matatu! Halafu mikono midomoni, mitandio usoni, na macho tu yanatazamana.

Muuza nazi mmoja kachekelea: "He! Mnamwitika nani? Semeni tena!" Akaanza kuyaiga. Neno la kwanza tu. Yule ajuza wa ukwaju kainuka — sikujua anaweza kuinuka upesi vile — akamchapa kwa kikapu. "Wewe! Hilo si la mdomo wako!" Ukwaju ukatawanyika. Watu wanacheka, wengine hawacheki.

Pikapu ikazunguka kona ya pili. Na kule nako nikasikia, kwa mbali. Wameitikia.

Ajuza kaniona. Ananijua, ni mtu wa Pongwe. Kaniuliza maneno matatu tu, tena hayo naweza kuyaandika: "Bi Nasima anajua?"

Nimerudi bila matembele.

Sasa nimeswali, nimekaa. Aibu nimeiona, hakuna aibu kubwa kuliko ile. Pigo ni pigo tu, nilisema! Kumbe pigo ndilo mlango, na maneno yako nyuma yake yamesimama yanangoja. Ningemuuliza mwali yeyote wa miaka kumi na tano angeniambia. Lakini nikuambie kweli, daftari langu, maana wewe husemi: walipoitikia, nilifurahi. Moyo uliruka. Sijawahi kuimba nikaitikiwa vile, hata enzi za Johari.

Jumatano, 14 Aprili

Robert kaja nyumbani mwenyewe, kavuliwa viatu na furaha. "Bi Mwatima! Soko zima! Sijapata kuona! Tangazo watu wanaimba hata halijafika radioni!" Mkubwa wake wa Dar keshasimuliwa kwa simu. Na sasa anataka Jumamosi tuwaweke wanawake kumi nyuma yangu, waitikie vilevile. Akauliza, kwani wanasemaje? Yeye hakushika maneno.

Nikamwambia hukushika, na hutashika. Hilo haliingii kwenye kanda.

"Mama, siku hizi soko huria. Kila kitu kinaingia sokoni."

"Huria yako nimeisikia, mwanangu. Lakini hata nyumba ya muuza duka ina ukuta wa uani."

Hakuelewa. Kombo, ambaye ni mwanamume na yeye hajui kitu, akamgonga bega akamwambia, ustadhi, mimi nina miaka ishirini na miwili nje ya ukuta huo. Kunywa chai yako.

Nimemwomba gari lisimame mpaka Jumamosi. Kakubali, kwa uso wa mtu aliyenyang'anywa sahani. Nikamwambia pia lile pigo lina mwenyewe, na mwenyewe asipotoa radhi mimi siimbi. Akauliza, mwenyewe ni kampuni gani?

Alipoondoka nikajaribu pigo jingine. Nimejaribu la kutwanga. Nimejaribu la kutikisa mtoto. Maneno yaleyale, Mpapai pumzika, na wimbo umelala kama chai ya jana. Beatrisi kasikiliza kwenye ua, katikisa kichwa. Akaniuliza, wale wanawake waliitikia nini hasa? Nikamwambia shoga, sina ruhusa. "Haya," akasema. "Na mimi ya kwenye kitubio sikwambii." Ndiyo maana nampenda.

Kesho Pongwe.

Alhamisi, 15 Aprili

Nimekwenda. Nimefunika upatu kwa khanga mpya, na udi kidogo. Mvua imenyesha njia nzima.

Bi Nasima kakaa kwenye mkeka anachambua mchele. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri vitu vya karibu, anachambua kwa vidole.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Ndiyo unafika? Habari ilipanda basi la Jumanne, wewe umepanda la Alhamisi."

Nikapiga magoti. Nikamweleza lote, sikujificha popote. Kufua, pigo, sabuni, na kwamba nilijidanganya nikaona haifiki kuomba. Akaendelea kuchambua. Jiwe dogo, kando. Chenga, kando.

"Radhi haiombwi mtu akishakula," akasema.

"Nimekosa, somo."

"Umekosa. Nani aliitika?"

Nilidhani anauliza kwa hasira. Kumbe anataka majina! Nikamtajia niliowajua. Kwa kila jina anatikisa kichwa: huyo nilimfunda mwenyewe, huyo mama yake, huyo alilia siku tatu, mwoga yule. Akafika kwa mjukuu wa Mjaka, jirani yake, aliyeolewa mwaka jana ukumbini, bila singo. Alikuwepo sokoni?

"Alikuwepo, somo."

"Aliitika?"

"Hakuitika. Aliniuliza kuna nini."

Vidole vikasimama kwenye mchele. Nje maji yanatiririka kwenye bati. Kisha akasema Mfunguo Mosi huu Pongwe kumekuwa na harusi saba. Hawajamwita hata moja. Wanakwenda saluni, wanatoka na nywele za farasi. "Saba, Mwatima. Na mimi nikasikia wameitika Ngamiani. Kwa gari la sabuni."

Sikujua kama ananilaumu au vipi. Bado sijui.

"Na hiyo ya mpapai, nani katunga?"

"Mimi, somo."

Hapo akacheka. Kicheko chake kilekile cha zamani, cha tumboni. "Rahila! Alinuka kama mbuzi, na tukamwambia mume ni waridi!" Akapangusa machozi. Halafu uso ukarudi.

Nikamfunulia upatu. Akaushika, akaupapasa ukingoni, akautia pua, akaupangusa kwa upindo wa khanga yake. Akanirudishia. Hakuugeuza. Wala hakuupiga.

"Jumamosi saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, somo."

"Waambie hao watu wa sabuni waniletee gari. Lakini siyo lile lenye masikio."

Ijumaa, 16 Aprili

Nimeomba baada ya swala, nikarefusha sijda. Ee Mola, umenipa wimbo, nipe na njia yake.

Nimekata shauri, naandika nisije nikageuka kesho: Bi Nasima akiufunika upatu, pigo hilo halitoki tena mkononi mwangu, hata Robert alie. Wimbo bila pigo hilo umekufa, nakubali, nitauzika mwenyewe. Akiuacha wazi, nitaimba mpaka kioo chao kitoe jasho.

Kwa nini siogopi? Sijui. Nilidhani nitaogopa.

Kombo hakuuliza kitu. Kapiga kanzu pasi mwenyewe, jambo geni. Kisha akasema: "Ukirudi na wimbo, heri. Ukirudi bila wimbo, wali wa nazi upo." Mwanamume huyu!

Jumamosi, 17 Aprili

Raskazone. Naandika hapahapa chumba cha magodoro, daftari gotini. Mikono ipate kazi.

Umeme upo mpaka saa sita tu, halafu mgao. Uweso kasema kodiani anaiweka tayari.

Robert kafanya alilolifanya! Kaleta wanawake. Kawafuata sokoni na nyumbani, kawaambia Bi Mwatima anawaita. Muuza vitumbua. Wale wa samaki wawili. Ajuza wa ukwaju na kikapu chake. Na Rahila, ananitazama kama nilivyotazama dari siku ile. Nimemvuta Robert pembeni. "Mama, nimewaleta wakae tu," anasema. "Wakiitika wenyewe mimi nifanyeje?" Hajui kitu, nilisema. Kumbe anajua kidogo.

Gari limefika. Bi Nasima kashuka na buibui lake jeusi la zamani, kashikwa mkono na Beatrisi. Wanawake wote wamesimama. Shikamoo somo, shikamoo bibi. Robert naye, "Shikamoo bibi, karibu sana, mimi ndiye—"

"Marahaba. Wanaume nje."

"Bibi, mimi ndiye msimamizi wa—"

"Nimekusikia. Nje."

Uweso katoka bila kuambiwa mara ya pili, kaiacha kodiani kwenye kiti kama kiatu msikitini. Safari yuko upande wa pili wa kioo, kasema bila yeye mtambo hauendi. Bi Nasima kaelekeza kidole kwenye kioo: "Avue hayo masikio." Kavua! Kayaweka mezani, mikono juu, kama aliyekamatwa. Nimecheka, Mungu nisamehe.

Sasa mlango umefungwa. Sisi tu. Beatrisi kaniuliza kwa macho, na mimi nitoke? Bi Nasima kamsikia hata kwa macho. "Huyu ndiye aliyesema mti haukupata asante? Akae."

Kisha akauliza, hilo gurudumu linalozunguka kule nyuma ya kioo ni nini. Nikasema ndiyo kanda, somo. Safari keshaiwasha.

"Inasikia nini?"

"Kila kitu."

"Na itamwambia nani?"

Ningeweza kusema itafutwa. Ningeweza kusema sehemu tu. Nikasema, "Nchi nzima, somo. Wanaume na wanawake. Na mjukuu wa Mjaka."

Ajuza wa ukwaju kakohoa. Rahila kafumba macho, midomo yake iko tayari, naiona. Ya wote iko tayari.

Bi Nasima kanyosha mkono. Nimempa upatu. Nimempa na kifimbo. Kauweka mapajani, chali, mkono mmoja umeshika ukingo kama mtu anayetaka kuugeuza, mkono wa pili una kifimbo.

Nyuma ya kioo Robert, kajipenyeza kwa Safari, kainua vidole vitano kuhesabia mwanzo. Saa tano kasoro dakika tatu. Kashusha kimoja.

Ukingo umeinuka kidogo. Kidogo tu. Naona mwanga wa taa umeteleza juu ya shaba —